Milembe Hayupo

Chuo cha Ualimu,
Bariadi.
4 Machi 2024

Kwa Mlezi wa Milembe Mayige,
Mwamapalala.

YAH: MAHUDHURIO YASIYORIDHISHA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwanachuo tajwa, wa mwaka wa pili, hahudhurii masomo. Tangu muhula uanze mwezi Januari, rejista inaonyesha amekuwepo darasani siku mbili tu kati ya siku thelathini na tisa. Kwa utaratibu wa chuo chetu, asiyefikisha robo tatu ya mahudhurio haruhusiwi kufanya mtihani wa mwezi Mei.

Ameandikiwa onyo mara mbili na hakujibu. Namba ya simu uliyoiandikisha haipatikani. Unaombwa kutoa maelezo kwa maandishi kabla ya tarehe 20 Machi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Januarius Shida
Mkufunzi wa darasa


Mwamapalala,
9 Machi 2024

Mwalimu Januarius,

Mwangaluka. Mimi ni Kabula Mahona, bibi yake Milembe, mzaa baba. Sikusoma hata siku moja. Anayeandika ni Eufrasia, fundi cherehani, jirani yangu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinisafishie maneno. Simu yangu ilianguka kwenye ndoo ya maziwa na siitaki tena.

Barua yako tumeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nikacheka. Umeandika "mwanachuo tajwa". Tajwa ndiyo nani? Mimi nimelea Milembe, sijalea tajwa.

Sasa sikiliza. Mtoto alikuja jana Ijumaa jioni. Nikachukua fimbo, nikamwambia, wewe, chuo kinasema huendi darasani, unaenda wapi? Yeye si msemaji, hilo nakwambia mapema. Akatoa madaftari kwenye begi, akayaweka chini mbele ya fimbo yangu. Eufrasia akayafunua karatasi kwa karatasi. Kila tarehe ipo. Ya kwanza ipo, ya pili ipo, mpaka juzi Alhamisi. Tena siku moja ameandika pembeni kwa herufi ndogo: "Mkufunzi ametoka kupokea simu." Kama Milembe hayupo, aliyeandika kwamba ulitoka kupokea simu ni nani? Jini?

Anakaa safu ya tatu, upande wa ukuta, mbali na mlango. Anasema unavaa shati la kijani kila Jumatano. Mwanangu, nenda hospitali wakakuangalie macho.

Nimempa michembe akuletee. Viazi vya shambani kwangu, nimevikata na kuvianika mwenyewe. Loweka kabla ya kupika, usije ukang'oka jino ukasema ni mimi. Si hongo. Mtu mwenye njaa haoni vizuri.

Dole gumba la Kabula Mahona
(Mwandishi: Eufrasia)


Bariadi,
13 Machi 2024

Bibi Kabula,

Shikamoo. Michembe nimeipokea. Na maneno yako nimeyapokea.

Jumatatu nilipomaliza kuita majina nilifunga rejista, nikanyanyua kichwa na kuangalia safu ya tatu upande wa ukuta. Alikuwepo. Daftari wazi, kalamu mkononi, ananiangalia. Nilikuwa nimetoka kumwita dakika tano kabla, nikaandika "hayupo". Nina wanachuo tisini na nne. Huwa nasimama mlangoni ili wachelewaji wasinipite, nainamisha kichwa kwenye rejista, naita kwa sauti, asiyeitika nampigia mstari. Hivyo ndivyo nilivyoitwa mimi shuleni. Niliwauliza wenzake kwa nini hawakuniambia kuwa yupo. Mmoja akasema, "Tulijua unamwona, tukadhani umemwekea adhabu."

Naomba radhi. Lakini sasa nina swali jingine. Nilimwita kwa jina mara tatu nikiwa namtazama. Midomo yake ilifunguka, haikutoka kitu. Nilimkaribisha ofisini, nikamuuliza taratibu kwa nini haitiki. Akawa anaangalia mlango tu. Mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe mpaka mdomoni ukakaa hapo.

Bibi, si umbea. Mwaka jana tulimpoteza kijana mmoja hapa chuoni, wa mwaka wa kwanza, na baadaye kila mwalimu alikuwa na kitu alichokiona akakiacha kipite. Mimi pia. Sitaki kuacha tena. Mtihani uko Mei, na kikao kitaniuliza. Kuna jambo lililompata Milembe ambalo ningepaswa kulijua?

Wako,
Januarius Shida


Mwamapalala,
17 Machi 2024

Mwalimu,

Kuomba radhi umeomba, nimepokea, yameisha.

Jambo hakuna. Alipata surua akiwa na miaka tisa, masikio yakaziba. Ukimwita kwa sauti ya kanisani hasikii. Mwite kwa nguvu. Asiposikia, waambie na wenzake wamwite, darasa zima, mpaka asikie. Usimwonee haya. Hata hapa nyumbani tunapiga kelele kama tunafukuza ndege kwenye mtama.

Huo mkono mdomoni ni tabia tu. Alizaliwa hivyo.

Huyo kijana aliyewapotea, pole sana. Mama yake mpeni pole yangu. Lakini huyu wangu ana bibi. Mambo ya nyumbani kwangu yaache nyumbani kwangu, wewe nifanyie hilo la mtihani.

Dole gumba la Kabula Mahona
(Mwandishi: Eufrasia)


Bariadi,
27 Machi 2024

Bibi,

Barua hii nimempa dereva wa Hiace aikabidhi mkononi mwako. Milembe yuko kwako? Kama yuko kwako, mrudishe dereva huyuhuyu na neno moja tu: yupo.

Nilifanya ulivyoniambia. Jana asubuhi niliwaeleza darasa kwamba mwenzao hasikii vizuri na kwamba tumsaidie. Walifurahi, Bibi. Walitaka kusaidia. Nilisimama mlangoni, nikahesabu mpaka tatu, na watu tisini na tatu wakaita jina lake kwa pamoja.

Aliingia chini ya dawati. Akavuta begi lake, akavuta la jirani, masweta, makoti, kila alichofikia, akajifunika mpaka hakuonekana. Wapo waliocheka, walidhani anatania. Nilipopiga magoti kumwangalia nikaona macho tu. Mkono umebana mdomo mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Alikuwa amejikojolea. Nikanyoosha mkono nimshike. Sikupaswa. Alitoka kwa upande wa pili akapita dirishani, na tangu hapo hajaonekana bwenini wala mjini. Nimezunguka mpaka stendi, mpaka kwenye maghala ya pamba.

Masikio yake hayana ubovu, Bibi. Aliposikia kalamu inaanguka nyuma yake alishtuka. Niliona, na bado nikafanya.

Januarius


Mwamapalala,
28 Machi 2024

Mwalimu,

Yupo.

Dereva nimemwambia, lakini nimeona nikuandikie pia ili usife. Alifika jana saa nane mchana, kwa miguu, kiatu kimoja. Hakunisalimia. Alinipita uani akaingia chumba cha ndani, akavuta magunia matupu akajifunika. Nimekaa mlangoni kwake mpaka leo. Uji amekunywa leo asubuhi.

Nilikudanganya. Surua hakuugua. Masikio yake yanasikia panya akikuna nyumba ya tatu.

Sasa nakwambia, na Eufrasia aandike hata kama analia. Mama yake Milembe aliitwa Specioza. Aliuawa hapa nyumbani kwangu, mchana, kwa panga, na mume wake. Mume wake ni Mayige. Mayige ni mwanangu, nimemzaa mimi. Yuko gerezani. Sijaenda kumwona na sitaenda. Wewe kila asubuhi ulikuwa unasoma "Milembe Mayige" hujui unachosoma.

Mtoto alikuwa na miaka tisa. Nilimficha kwenye pamba, na baba yake akawa anamwita nje huko, Milembe, Milembe, amalizie na yeye. Nikamwambia mtoto, usiitike. Hata ukiitwa mara mia, usiitike. Hakuitika, akapona. Miezi minne hakusema neno. Aliporudi kusema, alirudi na yote isipokuwa kuitika. Wewe unasimama mlangoni, mwanaume, unamwita kwa nguvu. Ungetaka akujibu nini?

Nilikwambia masikio kwa sababu niliona aibu. Mtu akijua mwanao ni muuaji, anakuangalia mikono. Na mimi nilikutuma umwite kwa kelele. Nilidhani labda, akiitwa sana na watu wengi, litatoka. Kama mwiba. Basi, nimekuwa mjinga, na uzee huu.

Usije hapa. Na wewe usijipige kifua, hatuna muda huo.

Dole gumba la Kabula Mahona
(Mwandishi: Eufrasia)


Bariadi,
4 Aprili 2024

Bibi Kabula,

Shikamoo. Asante kwa kunipa neno zito hivyo. Halitatoka kwangu bila ruhusa yenu.

Nimeenda kwa muuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya hapa. Sikutaja jina. Nilimwambia, nina mwanachuo, nimemuumiza, nifanye nini. Alinisikiliza, kisha akaniuliza zile siku mbili ambazo rejista inasema alikuwepo, zilikuwa na nini. Sikuwahi kufikiri. Nikarudi nikatazama. Siku hizo mbili niliumwa malaria, akaingia mwenzangu Mkufunzi Kwandu, ambaye haiti majina. Anazungusha karatasi, kila mtu anaandika jina lake kwa mkono wake. Milembe aliandika. Siku zote alikuwa tayari kusema yupo, ila si kwa sauti.

Kwa hiyo sasa nazungusha karatasi. Mlangoni sisimami tena, nakaa mbele wanaponiona wote. Mlango unabaki wazi, na anayetaka kutoka anatoka bila kuniomba. Wenzake sijawaambia kilichompata. Nimewaambia nilikosea mimi. Dawati lake lipo, hakuna aliyelikalia. Muuguzi amesema atamsubiri wakati wowote akitaka kwenda, na asisukumwe aseme lolote. Amesema pia dawa za kupulizia pamba zisiwe ndani ya nyumba kwa sasa, mahali anapoweza kuzifikia. Naomba uniambie kama umezitoa.

Bibi, kuna jambo moja sielewi. Aliacha daftari la hisabati darasani. Nilifunua ukurasa wa mwisho nikitafuta jina ili nimtunzie. Ukurasa wote umejaa sentensi moja, mstari kwa mstari, kwa mwandiko mzuri kabisa kama wa mwalimu anayeandika ubaoni: "Mama aliniita, sikuitika."

Uliniandikia kwamba aliyeita ni baba.

Januarius


Mwamapalala,
10 Aprili 2024

Mwalimu,

Dawa ya pamba iko kwa Eufrasia, kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo kaufunga kwenye kanga. Hilo limekwisha.

Hilo jingine. Wiki nzima nimemwambia Eufrasia aje, akija namwambia arudi. Leo nimemwambia akae, asiondoke hata nikimfukuza.

Ilikuwa Julai, mwezi wa pamba. Tulikuwa tumechuma, chumba cha ndani kimejaa mpaka dirishani, tunasubiri mizani ya chama cha ushirika ifunguliwe. Mimi na Milembe tulikuwa tunapepeta choroko. Specioza yuko jikoni. Nikamwona Mayige anapita kwenye mkonge na panga, na anavyotembea nikajua. Mzazi anajua. Sababu iliyosomwa mahakamani sitaisema, haikuwa sababu.

Nilimshika mtoto mkono, nikamwingiza kwenye pamba, nikamfukia, nikakaa juu yake.

Mayige hakumwita mtu. Siku ile hakutoa sauti kabisa. Aliyeita ni Specioza.

Aliita Milembe mara nne. Hizo nne ninazo. Ya kwanza alipiga kelele, nadhani alitaka mtoto akimbie. Ya pili na ya tatu alikuwa anaomba. Ya nne ilikuwa ndogo, kama mama anayemwita binti yake amletee maji ya kunywa.

Mtoto alitaka kuitika. Alikuwa mtoto mwenye adabu, akiitwa haraka anasema abee, popote alipo. Niliingiza mkono kwenye pamba nikautafuta mdomo wake, nikauziba. Ile abee niliihisi inakuja. Ilipiga kwenye kiganja changu, ya moto, ikaishia hapo. Nikamwambia usiitike. Mkono wangu huu ninaoutumia kukubandikia dole ndio huo.

Unaweza kusema nilimwokoa. Wanasema hapa kijijini, wananisifu. Sasa niulize mimi nilikuwa wapi. Nilikuwa na miguu, Mwalimu. Miaka kumi na mmoja iliyopita nilikuwa nabeba gunia la mtama kichwani. Mayige alikuwa mwanangu, nilimnyonyesha, labda ningetoka nikamwita yeye, angegeuka. Labda angenikata. Sikutoka nikajua. Nilikaa juu ya pamba kama kuku juu ya mayai, nikamsikiliza mke wa mwanangu akiita mpaka akanyamaza.

Na bado sijamaliza. Milembe alipoanza kusema tena, aliniuliza: "Bibi, mbona mama aliniita?" Nikamwambia hakukuita. Mama yako alikufa bila kusema kitu, ulisikia upepo kwenye mkonge. Akauliza mara ya pili. Nikamwambia upepo. Mara ya tatu nikampiga. Hakuuliza tena.

Nilifikiri nikimwambia ni upepo atasahau. Kumbe miaka yote anajua ni mama, na anajua hakuitika, na mtu pekee aliyekuwepo anamwambia alisikia upepo. Ule mkono wangu haukumbuki, Mwalimu. Anakumbuka kunyamaza, hakumbuki kuzibwa. Anadhani alinyamaza mwenyewe.

Yeye yuko ndani anasonga ugali, hajui ninachoandikisha. Jumatatu atarudi chuoni, ametaka mwenyewe. Tangu siku ile hasemi kwa mdomo, aliniandikia kwenye karatasi, Eufrasia akanisomea: "Nataka kurudi darasani." Mpokee.

Dole gumba la Kabula Mahona

(Nami Eufrasia nimeandika kama alivyosema. Nilimshonea Specioza gauni la harusi, Mwalimu. Haya ya mkono na ya kumwambia upepo sikuyajua mpaka leo.)


Bariadi,
2 Mei 2024

Bibi Kabula,

Shikamoo. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa nasubiri kikao, nikitumaini nitakuwa na habari njema. Sinayo.

Milembe hataruhusiwa kufanya mtihani. Atarudia mwaka.

Nilisimama mbele ya kikao nikaeleza kwamba alikuwa darasani siku zote, na kwamba kosa ni langu. Nilipeleka madaftari yake. Mwenyekiti aliyafunua, akasema ni kazi nzuri sana, kisha akaweka rejista juu yake. "Huu ni mwandiko wa nani?" Nikasema ni wangu. "Na hapa umeandika nini?" Hayupo. Zaidi ya mara arobaini, kwa kalamu nyekundu, na sahihi yangu kila mwisho wa wiki. Akasema rejista haifutwi kwa maneno, ikifutwa ya mmoja kesho watakuja mia. Aliniuliza kama kuna sababu maalumu nyuma ya jambo hili. Ningeweza kusema. Nilikuwa nimeahidi, na Milembe nilimuuliza kabla, akatikisa kichwa. Basi nikanyamaza, na wakaamua.

Nilimweleza yeye mwenyewe tukiwa uwanjani, kwenye benchi, watu wakipita. Alisikiliza. Akachukua kalamu yangu mfukoni akaandika kwenye kiganja chake, akanionyesha: "Sawa." Kisha akaenda darasani, kipindi cha mchana, na wenzake wanaojiandaa na mtihani ambao yeye hataufanya. Anakuja kila siku, Bibi. Kila siku anaandika jina lake.

Kwa muuguzi ameenda mara tatu. Wanayoongea siyajui na siulizi. Ila wiki iliyopita alinipa karatasi hii, na juu yake ameandika kwamba nikiona vema nikuambie: "Mwalimu, mtu anaweza kusikia upepo ukiita jina?"

Nilimwambia swali hili si langu, nitalipeleka kwa mwenyewe.

Nalileta kwako. Mimi naweza kubadilisha mlango, na karatasi, na sauti yangu. Ule mkono siwezi kumwambia. Ulikuwa wako. Akifunga chuo Juni, akija, mwambie. Mkae nje, umkabili, asiwe na mlango mgongoni. Usimwombe akusamehe siku hiyohiyo. Hilo la mwisho si la muuguzi, naliongeza mimi, kwa sababu nilimwomba msamaha siku ile aliporudi na nikaona nimemwongezea mzigo.

Januarius


Mwamapalala,
23 Juni 2024

Mwalimu Januarius,

Mwangaluka, mwanangu. Hilo la mtihani lilinichoma. Nilitaka kupanda gari nije nimwonyeshe huyo mwenyekiti mimi nimetoka wapi. Eufrasia akanikumbusha kwamba maneno ya uongo kwenye barua za mwanzo yalitoka kinywani mwangu. Nikakaa.

Pamba ya mwaka huu sikuiweka chumbani. Iko uani juu ya turubai, juani, kila mtu anaiona. Majirani wanasema mvua itanishangaza. Inishangaze.

Milembe alifika Alhamisi, sasa ni siku kumi. Nikamwacha alale, ale, achote maji. Jumamosi asubuhi nikamwambia, twende kwa mama yako. Specioza tulimzika hapahapa, nyuma ya mkonge. Nikakaa chini upande huu wa kaburi, yeye akakaa upande ule, uso kwa uso, nyuma yake shamba tupu mpaka barabarani. Nilifanya ulivyosema.

Nikamwambia, haukuwa upepo. Alikuita. Nikamwambia yote, nilivyokuandikia wewe, na kwamba nilimpiga. Nikanyoosha kiganja nikamwonyesha: wewe uliitika, ng'wanone, mwanangu, ilikuja ikaishia hapa. Ni mimi.

Aliangalia kiganja muda mrefu. Eufrasia ananiambia niseme alilia. Hakulia. Akaniuliza, kwa sauti, Mwalimu, kwa mdomo wake:

"Aliita mara ngapi?"

Nikasema nne.

Akasema, "Mimi nilihesabu tatu."

Ile ndogo hakuisikia, kule chini ya pamba. Ya maji. Nilikuwa nayo peke yangu, nikampa.

Akainama mpaka paji la uso likagusa udongo. Akasema, "Abee, mayu." Akakaa hivyo, kama mtu anayesubiri mama amwite tena. "Abee, mayu." Mara nne. Nilihesabu. Ilikuwa sauti ya mtoto wa miaka tisa, ndiyo niliyoisikia, ingawa mwenye sauti ni mtu mzima wa kuolewa. Kisha akasimama, akakung'uta udongo, akachukua ndoo akaenda kisimani.

Tangu hapo hajasema na mimi.

Anapika. Ananiletea chakula kwa mikono miwili, anapiga goti, adabu yote ipo. Nguo zangu anafua. Na Eufrasia anaongea, juzi walicheka huko cherehanini nikasikia. Mimi nikimwita, kimya. Siyo kile kimya cha zamani cha mkono mdomoni. Mkono uko chini. Ananiangalia machoni na haitiki. Hiki ni chake, amekichagua mwenyewe, na mimi ndiye ninayekistahili. Kama kitaisha sijui. Nina miaka sabini na kitu, labda kitanizika.

Sijamwomba msamaha. Usiku na mchana uko hapa kooni, naumeza.

Namwita kila asubuhi hata hivyo. Nasimama anaponiona, si mlangoni, naita taratibu, mara moja. Simrudii. Naita tu ili ajue kwamba kuna mtu anamwita na hakuna panga.

Septemba anarudi kwako kuanza mwaka upya. Akiitika, mwitikie. Asipoitika, zungusha hiyo karatasi. Lakini usije ukaandika tena lile neno jekundu. Mimi nililipa bei kubwa, na Specioza akalipa kubwa kuliko yangu, ili lile neno lisiandikwe.

Sasa hivi yuko hatua kumi kutoka hapa, kwenye turubai, anachambua pamba, nyeupe huku, yenye takataka kule. Jua liko mgongoni kwake. Nimemwita, Eufrasia ni shahidi. Amenyanyua kichwa, ameniangalia, amerudi kwenye pamba.

Andika, Eufrasia. Yupo.

Dole gumba la Kabula Mahona
(Mwandishi: Eufrasia)